Mistari ya Manjano ya Delmar Stidham

Kabla hata ya kumsalimu mwenye gari sawasawa, Delmar Stidham alikuwa amekwisha ingia chini ya gari lake. Alikuwa na nyundo ndogo ya shaba, kipini chake kimezungushiwa utepe mweusi, na alipita nayo kutoka bampa ya mbele hadi ya nyuma, akigonga chasisi, ule mfupa wa chuma unaobeba gari, kila baada ya shibiri moja, sikio kalitega. Chuma kizima kililia. Chuma kilichooza kilitoa sauti ya mtu anayegonga boksi la viatu. Akishamaliza alitoka, akajifuta mikono kwa kitambaa, ndipo mazungumzo yalipoanza.

Baadhi ya wateja waliichukia nyundo ile. Mtu amelihifadhi gari la ujana wake miaka thelathini, analileta gereji akiwa na moyo wa bwana harusi, halafu fundi analigonga kama anayechagua tikiti maji sokoni.

"Del, nimekuja unifungie suspensheni mpya," mmoja alimwambia. "Sikuja kupimwa presha."

"Nitaifunga kwenye nini? Kwenye biskuti?"

Huyo alikwenda gereji nyingine. Wengi walibaki. Katika mji wa Ypsilanti, na katika miji yote ya pembeni mwa Detroit ambako watu wazima bado hupanga maisha yao kwa kufuata magari waliyowahi kuendesha, ilijulikana kwamba gari la nguvu la miaka ya sitini likitoka mikononi mwa Stidham litakata kona bila kuyumba na litasimama pale dereva anapotaka lisimame. Na ilijulikana namna ya kulitambua. Chini yake, kila nati aliyoikaza ilikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya manjano, umeanzia juu ya nati ukavuka hadi kwenye chasisi. Nati ikilegea na kuzunguka, mstari unakatika, na mwenye macho anaona.

Mstari ule aliurithi. Baba yake, Orville, alishuka kutoka milima ya Kentucky akiwa na mke, watoto watatu na sanduku moja, akapata kazi kwenye kiwanda cha kuunganishia magari. Kwa miaka thelathini na moja alikaza bolti zilezile nne zinazoshika suspensheni ya mbele. Akishakaza alichovya brashi fupi kwenye kopo la rangi ya manjano na kutia alama. Mkaguzi aliyemfuata hakuhitaji kuuliza. Alama ilikuwa ni neno la Orville Stidham kwamba ameikaza.

Siku moja, Del akiwa na miaka tisa, baba yake alitia alama kwenye bolti kisha akaingiwa na shaka. Mkanda wa kiwanda unaosogeza magari ulikuwa umekwisha lichukua gari. Orville aliweka spana begani, akaacha nafasi yake, akalifuata gari lile hadi uwanja wa nyuma ambako magari mia kadhaa yalikuwa yanasubiri kupakiwa, mvua ikinyesha. Alilitafuta kwa saa mbili. Alilala kwenye tope, akaijaribu bolti. Usiku ule alikula maharage yake na mkate wa mahindi bila kusema kitu, mpaka mama alipouliza.

"Ilikuwa imekaza," alisema, na akaomba aongezwe chumvi.

Del hakuwahi kusikia hotuba ndefu zaidi ya hiyo kuhusu uaminifu, na hakuhitaji.

Kwa hiyo ilimtia kinyaa, alipokuwa mtu mzima, kugundua kwamba alama za akina baba yake zimegeuzwa urembo. Kuna watu wanaorudisha magari ya zamani katika hali ya siku yalipotoka kiwandani, nao hununua picha na michoro inayoonyesha ni bolti ipi ilikuwa na tone la rangi gani. Kisha huketi na brashi laini na kulipaka tone hilo kama anayepaka wanja. Kwenye maonyesho fulani, mmoja wao alimwonyesha Del kazi yake kwa fahari.

"Ya manjano inatakiwa hapa. Bolti ya pili, upande wa dereva. Nimefanya utafiti."

"Namjua aliyekuwa akiipaka. Umeikaza?"

"Nani?"

"Bolti. Umeikaza?"

Yule bwana alicheka. "Hili ni gari la maonyesho, rafiki yangu. Haliendi popote."

Del aliondoka bila kuaga. Alimwambia mkewe, Wanda, kwamba alijisikia kama mtu aliyeona pete ya ndoa ya mama yake imetundikwa puani mwa nguruwe.

Na wale wa kurudisha mambo ya zamani hawakumpenda pia. Walimwita mchinjaji, kwa sababu aling'oa springi na shokapu za zamani akaweka za kisasa zinazorekebishwa kwa mkono, aling'oa mikono ya suspensheni ya bati akaweka ya bomba la chuma, akatupa breki za ngoma na kuweka diski kubwa kama sahani za pizza. Yeye aliwajibu kwamba magari yale yalitengenezwa kwenda mbele tu. Injini yenye nguvu za farasi mia tatu na hamsini ilifungwa kwenye kitu kinachopinda kona kama godoro na kusimama kama meli. Binamu yake Royce alifia kwenye kona ya barabara ya Geddes akiwa na miaka kumi na tisa, ndani ya gari ambalo kila kitu chake kilikuwa halisi cha kiwandani.

Gereji aliyofanyia kazi aliijenga mzee mmoja aliyeitwa Emmett Raske, ambaye alikuwa na ulimi mchafu na mikono safi. Emmett alipofariki, wanawe walimuuzia Brent Vandermolen. Brent alikuwa na ulimi safi. Alitoka upande wa magharibi wa jimbo, alivaa fulana nyeupe zisizoshika uchafu, na aliwaita wateja wote "familia." Aliondoa kalenda ya zamani ukutani akaweka kamera. Kila gari lililotoka lilipigwa picha chini kuliko juu, kwa kuwa aligundua haraka ni kitu gani watu walikuwa wanakitafuta. Ndani ya mwaka mmoja mistari ya manjano ilikuwa kwenye kadi za biashara za gereji, kwenye kofia, na kwenye bango lililoelekea barabarani. Del hakuulizwa. Aliiona siku moja akitoka kula, mistari mitatu mikubwa ya manjano kwenye bango, akatoa funguo za gari lake aende zake. Lakini alikuwa na miaka sitini na moja, Wanda alikuwa anatibiwa mgongo, na bima ya matibabu ilitoka kwenye kazi ile. Aliingia ndani akaendelea na kazi.

Katikati ya mwezi Mei lililetwa gari la Lamont Gaither.

Lilikuwa Chevelle ya mwaka 1969, ya buluu, lililokuwa la marehemu kaka yake, Thaddeus. Lilikaa ghalani karibu na Saginaw kwa miaka ishirini na miwili. Lamont alikuwa dereva wa basi mstaafu kutoka Inkster, mtu mrefu, mpole, anayezungumza kana kwamba bado ana abiria nyuma yake. Mwezi wa sita ukoo wao wote ungekutana Memphis, watu mia na kitu, kila tawi na rangi yake ya fulana, na yeye alikuwa amewaahidi kufika na gari la Thaddeus.

"Mke wangu atakuwa humo," alimwambia Del. "Kwa hiyo sitaki mashindano. Nataka lisimame nikilisimamisha. Nimeiona kazi yako kwenye gari la jirani yangu. Nataka gari lenye ile mistari."

"Mistari huja mwisho," Del alisema, akaingia chini na nyundo.

Mbele kulilia. Katikati kulilia. Alipofika juu ya ekseli ya nyuma, nyundo ilinyamaza. Alichukua bisibisi akaisukuma kwa kidole gumba, na ikaingia kwenye chasisi hadi kwenye kipini. Alipoivuta, magamba ya kutu yakamwagika usoni, kahawia, yenye unyevu, yakiwa na harufu ya maji ya chombo cha maua ya makaburini. Yalimwingia mdomoni. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji ilikuwa imekula pande zote mbili kutokea ndani, ikaacha ngozi tu. Na hapo ndipo hasa suspensheni mpya ingejishikiza na kusukuma kwa nguvu zaidi kuliko ile ya zamani. Del alitoka akatema mate kwenye ndoo mara nne.

Lamont alikuwa amekwisha ondoka. Del alimfuata Brent ofisini.

"Inahitaji chasisi nyingine. Nzima. Wiki nne, tano."

"Maonyesho yetu ni Jumamosi ya pili ya Juni," Brent alisema. "Hilo ndilo gari la mbele kabisa. Nimekwisha litangaza."

"Basi tangaza lingine."

"Hatuwezi kuchomelea bati?"

"Uchomelee bati kwenye nini? Hakuna chuma cha kushikilia. Ni kama kushona kiraka kwenye sigara."

Brent akatabasamu na kuinua mikono. "Sawa. Wewe ndiye unayejua. Nitampigia Gaither leo. Nitatafuta chasisi. Wewe nenda Kentucky kwenu, si ulisema unaondoka?"

Kila mwisho wa Mei akina Stidham hurudi mlimani kusafisha makaburi yao. Hufyeka majani, huweka maua, hutandaza vitambaa na kula pamoja hapohapo juu ya nyasi, kuku wa kukaanga na saladi ya viazi, huku wazee wakiwaonyesha watoto nani amelala wapi. Del alikaa siku tisa. Alilisugua jiwe la Orville kwa brashi mpaka herufi zikasomeka.

Aliporudi, Chevelle ilikuwa imesimama pembeni ikiwa imefunikwa shuka la kijivu.

"Nilipata chasisi Toledo," Brent alisema. "Safi, kutoka jimbo lisilo na theluji. Nilileta mafundi watatu wa muda, wakakesha. Kila kitu kimehamishwa. Bwana Gaither alilia, nakuapia."

"Siku tisa?"

"Watatu, Del. Usiku na mchana."

Siku tisa za kuhamisha gari zima kwenye chasisi nyingine na kufunga suspensheni mpya ni chache, na hakuna mtu mjini aliyelijua hilo kuliko Delmar Stidham. Nyundo ilikuwa mfukoni mwake. Gari lilikuwa hatua sita mbele yake. Aliweka mkono juu ya shuka. Kisha simu ikaita, mtu akataka kujua kama Camaro yake iko tayari, na Del akaenda kuijibu. Hakurudi. Baadaye, alipojiuliza kwa nini, hakupata sababu yoyote nzuri. Alikuwa amechoka na safari, na jibu alilopewa lilikuwa jibu alilolitaka.

Jumamosi ya maonyesho ilikuwa ya jua kali. Magari themanini yalipangwa kwenye uwanja wa duka kubwa lililofungwa, boneti zikiwa wazi, kila moja na kibao mbele kinachoeleza injini yake, breki zake na jina la mwenyewe. Wenye magari waliketi nyuma yake kwenye viti vya kukunja, wakila soseji na kupangusa vumbi ambalo halikuwapo. Mbele kabisa, chini ya bango lenye mistari mitatu, ilisimama Chevelle ya Thaddeus ikiwa imeinuliwa kidogo kwenye vigingi vinne. Chini yake, Brent alikuwa ametandaza vioo. Hiyo ni desturi ya watu hawa. Gari likiwa na uvungu wa kujivunia, mwenyewe hutandaza vioo sakafuni ili wapitao wainame kidogo tu na kuona kila kitu.

Lamont na mkewe Odessa walikuwa wamevaa fulana nyekundu zenye jina la ukoo mgongoni. Masanduku yao yalikuwa kwenye buti. Saa nane mchana wangeondoka moja kwa moja, walale Louisville, kesho wafike Memphis.

"Del!" Lamont alimwita. "Njoo uone kazi yako. Nimepiga picha arobaini nimewatumia Memphis. Shemeji yangu amenijibu kwamba nimeanza maringo."

"Hajanipiga mimi hata moja," Odessa alisema. "Na nywele nimesuka tangu jana. Bwana Stidham, mwambie huyu mtu kwamba gari haliwezi kumpikia."

"Gari halijawahi kunikemea, Odessa."

"Lisubiri lifike Indiana."

Del alicheka, akainama kutazama kwenye kioo.

Mistari ya manjano ilikuwa pale. Kwenye kila nati, mbele na nyuma, kulia na kushoto, mingi kuliko aliyowahi kupaka kwenye gari lolote. Kwa nukta moja alijisikia fahari ya kijinga, kama mtu anayejiona kwenye picha. Kisha akakumbuka kwamba hakuwahi kulikaza gari hili hata nati moja. Mistari ilikuwa minene sawasawa, imechorwa kwa kalamu ya rangi, imenyooka kuliko mkono wa fundi aliyelala chali unavyoweza kuchora. Na chasisi ilikuwa nyeusi, imepakwa lami nzito inayong'aa kama kiatu kipya. Hakuna anayepaka lami nzito namna ile juu ya chuma safi.

Alilala chini kwenye lami ya uwanja, shati alilonunuliwa na Wanda likiwa mwilini, akaingiza mkono. Alishika nati ya chini ya shokapu ya nyuma kwa vidole viwili. Ikazunguka. Mstari wa manjano ukakatika vipande viwili, kimoja kikibaki kwenye chasisi na kingine kikiondoka na nati.

Alitoa nyundo. Mbele kulilia. Juu ya ekseli ya nyuma, boksi la viatu.

Alichomoa bisibisi mfukoni akaisukuma. Lami ilibanduka kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, na chini yake kukatokea plasta ya waridi, ile ambayo watu huzibia vibonyeo vya milango. Plasta. Walikuwa wameijaza chasisi plasta kama jino la maiti, wakailainisha kwa msasa, wakaipaka rangi, kisha wakaweka juu yake alama ya baba yake. Kipande kikubwa kama mkate kilidondoka juu ya kioo, na nyuma yake kutu ikamwagika, na ile harufu ikatoka, ya maji ya maua yaliyokufa. Del alifumba macho.

"Inuka," sauti ya Brent ilisema karibu na sikio lake. Alikuwa amechuchumaa, anatabasamu kwa ajili ya walioko mbali. "Inuka, Del. Watu wanaangalia."

"Si ndiyo kazi ya vioo? Umeviweka wewe."

"Nisikilize. Jumatatu nitaagiza chasisi. Mpya, sitamtoza chochote. Wakirudi tu wanaileta. Waache waende, wafurahi."

"Nati nimeizungusha kwa vidole."

"Basi ikaze sasa hivi. Una spana. Ikaze na unyamaze. Magari mabovu kuliko hili yanazunguka kila siku na hakuna anayekufa." Tabasamu halikutoka. "Na umfikirie Wanda."

Del alimtazama. Meno yalikuwa meupe, fulana ilikuwa nyeupe, na alinukia sabuni. Del hakuwahi kuona kitu kichafu namna ile tangu aanze kufanya kazi chini ya magari.

Alijiviringisha akatoka, akasimama. Watu wapatao ishirini walikuwa wamekusanyika, wameinama wote wanatazama kioo chenye kipande cha plasta. Lamont Gaither alikuwa mbele yao. Hakupiga kelele. Aliuliza kama anayemuuliza abiria tiketi.

"Hiyo mistari ni yako au si yako?"

"Si yangu."

"Nani aliyekaza?"

"Sijui kama kuna aliyekaza. Na chasisi ni ileile ya zamani. Imeoza. Wameijaza plasta." Del alivuta pumzi. "Nilijua imeoza tangu Mei. Nikaambiwa imebadilishwa. Nilisimama karibu nalo kama nilivyosimama sasa, nyundo mfukoni, sikugonga."

"Ni kutoelewana kwa mafundi," Brent alianza, "Bwana Gaither, wewe ni familia..."

"Usiniite hivyo," Lamont alisema bila kumtazama. Macho yake yalikuwa kwa Del. "Miaka ishirini na tisa nimeendesha basi. Kila alfajiri nililizunguka kwa tochi kabla halijabeba mtu. Tairi, taa, breki, mlango. Theluji ikinyesha, nazunguka. Wenzangu walinicheka. Leo nimelipokea gari la kaka yangu mwenyewe, nimeweka masanduku ya mke wangu ndani, na nimetazama rangi. Nimeona manjano, nikatosheka." Alitema mate chini, kitu ambacho huenda hakuwahi kukifanya mbele ya mkewe. "Na wewe ukaniacha nitosheke."

Del aliirudisha nyundo mfukoni.

Odessa alifungua buti akaanza kutoa masanduku. "Nampigia mpwa wangu alete gari lake," alisema. "Memphis tutafika. Lamont, shika hili, ni zito. Bwana Vandermolen, pisha njia, umesimama kwenye kivuli changu."

Norbert Pilch, mwenyekiti wa chama cha magari ya zamani, alimsogelea Del akamgusa kiwiko. Alikuwa na sahani ya maharage mkononi.

"Una haki, Del, sisemi huna. Lakini ungesubiri basi mpaka tumalize kutoa vikombe. Umeharibu siku ya watu."

Del alimtazama kama mtu anavyotazama unywele ndani ya supu. Kisha akaenda kwenye gari lake, akaleta kopo la thina ya kuyeyushia rangi na kitambaa, akalala tena chini ya Chevelle. Alianza mbele upande wa dereva, palepale ambapo Orville angeanza. Alifuta mstari mmoja, akahamia mwingine. Thina ilimwingia kwenye mikato ya vidole. Watu walisimama kwanza, baadaye wakatawanyika, kwa kuwa mtu anayefuta si kitu cha kutazama.

Alikuwa amefika kwenye ekseli ya nyuma wakati kipaza sauti kilipotangaza washindi. Kura zilikuwa zimepigwa asubuhi na hakuna aliyeona sababu ya kuzirudia. Kikombe cha uvungu bora wa mwaka kilikwenda kwa Chevelle ya buluu ya mwaka 1969. Makofi yalipigwa, machache, kisha mengi zaidi. Kwenye kioo Del aliona viatu vyeupe vya Brent Vandermolen vikisita, vikigeuka, na vikienda jukwaani kukichukua.

Jioni ile lori la kuvuta magari liliipeleka Chevelle nyumbani kwa Del, kwa amri ya Lamont, ambaye hakuzungumza naye bali alimwachia dereva maelekezo. Jumatatu Del hakwenda kazini. Bima ikakatika. Wanda alilisikiliza jambo lote akiwa amelala na chupa ya maji ya moto mgongoni, akasema angemwacha kama angefanya vingine, na kwamba kwa kuwa sasa atashinda nyumbani, choo cha chini kinavuja.

Brent aliendelea. Bango halikushushwa. Hadi leo magari hutoka pale yakiwa na mistari, na katika maduka ya vifaa huuzwa kalamu za manjano zilizoandikwa kwenye pakiti kwamba zinalipatia gari "mwonekano wa fundi." Watu huzinunua. Del aliziona akiwa kwenye foleni na boksi la nati, akageuzia uso wake ukutani.

Mwezi wa tisa Lamont alifika nyumbani kwake kwa mara ya kwanza. Alikuta chasisi nyingine, tupu, imesimamishwa juu ya magogo uani, imepakwa rangi nyembamba ambayo kila kovu lilionekana kupitia kwayo. Alikaa nusu saa bila kuvua kofia. Alhamisi iliyofuata alirudi, akamshikia Del taa. Hawakuwa marafiki. Walizungumza kuhusu bushi za suspensheni na mechi za timu ya Lions, na Lamont hakuwahi kusema kwamba amemsamehe, wala Del hakuwahi kuuliza.

Gari lilipokamilika, majani yalikuwa yameanguka yote. Del alikaza nati ya mwisho kwa spana ya kipimo mpaka ikatoa mlio mdogo wa kuonyesha imetosha, akatoka chini.

"Rangi iko wapi?" Lamont aliuliza. "Huna mistari?"

"Nimelitupa kopo." Del alimpa nyundo na spana. "Anza mbele. Gonga kila shibiri. Ukifika kwenye nati, ijaribu."

Lamont alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. Akalala chini ya gari la kaka yake, polepole, kwa sababu ya magoti. Del aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kikombe cha kahawa iliyopoa, akasikiliza. Kazi ile ilichukua dakika hamsini. Chuma kililia kutoka bampa hadi bampa, na Lamont, asiyeridhika, akarudi akaanza tena upande wa pili.